Hodi Kutoka Banda la Bata

Jumamosi iliyopita nilimkimbilia mwanangu na kandambili moja mguuni, kanga imekaa upande, majirani wa Tegeta wote wananitolea macho. Sababu? Bata. Ndiyo, bata. Usicheke kwanza.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, mama mmoja mchangamfu wa Kilimanjaro, na tangu astaafu haishiwi miradi. Alianza na sungura, akaja na uyoga, sasa kaleta bata wa mayai, wale wembamba wenye rangi ya kaki na shingo ndefu. Asubuhi ile alichungulia juu ya ukuta akasema, "Shoga, niazime huyo binti yako akaniokotee mayai bandani, mgongo leo umegoma." Mie nilikuwa nafua, mapovu hadi kwenye viwiko, nikajibu haya bila kufikiri. Mtoto akaenda. Mara bata wakaanza kelele zao. Bata wetu wa kienyeji unawajua, hawalii, wanahema tu kama wamebanwa na kifua. Hawa wa kaki majike yao yana mdomo. Wanacheka kwa sauti, wote kwa pamoja, ka-ka-ka-ka, hadi unajiuliza wanamcheka nani. Kisha nikasikia mlango wa banda unabamizwa. Sikumbuki nilivyotoka kwenye beseni.

Nilimkuta mwanangu kasimama wima katikati ya banda la wavu, mlango upo wazi umepigwa na upepo tu, anaimba. Mwalimu kaniangalia juu mpaka chini. "Kulikoni, mama?" Nikamwambia nimekuja kununua mayai. Akanipa, nikayabeba kwenye kanga, nikamshika mwanangu mkono tukarudi.

Basi kaa nikwambie kilichonikimbiza.

Mie nimelelewa na bibi mzaa mama, Mbagala, upande wa bondeni kule Mto Kizinga unakopita. Mama alikuwa anafanya kazi za shifti kiwandani, amepanga chumba hukohuko, hivyo mie na bibi ndio tulikuwa nyumba. Bibi alikuwa mtu wa Lindi, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye utani usio na mapumziko. Aliniitaga mke mwenza. "Mke mwenzangu, amka, mume wetu anataka chai!" Mume mwenyewe, yaani babu, alishafariki kabla sijazaliwa, alikuwa picha tu ukutani, kavaa kofia, hacheki. Nami nilimjibu bibi kwamba zamu ya chai ni ya mke mkubwa, mimi mdogo nimeolewa kwa uzuri. Hapo hucheka mpaka anashika nguzo ya uani. Nilikuwa darasa la pili, na sikujua kama kuna mtu duniani anayeweza kunipenda zaidi ya vile.

Bata waliletwa na mjomba. Alikuwa kibarua kwa mfugaji mmoja kule Pugu, na mfugaji alipofunga shughuli zake akawagawia vibarua ndege waliobaki. Mjomba akashuka na tenga kichwani, mtaa mzima ukaja kuangalia. "Bata gani hawa wamevaa kaptula za shule?" watu wakauliza, na kweli rangi ilikuwa ileile ya kaptula za wavulana wa darasani kwetu. Tangu siku hiyo bibi akawaita wanafunzi. Wanafunzi wamekula? Wanafunzi wameingia? Mwanafunzi mmoja anachechemea, mtazame mguu.

Wale bata walikuwa na kazi moja tu, kutaga. Kulalia hawakujua. Bata wa kienyeji hutaga akakaa juu ya mayai yake na ukimsogelea anakuparura, lakini hawa walikuwa wanaangusha yai popote walipo na kwenda zao. Kwenye matope, mtaroni, njiani. Bibi aliwasema sana. "Mama gani hawa? Wanazaa na kusahau!" Lakini mayai aliyapenda, nani asingeyapenda. Makubwa, meupe yenye ukijani kwa mbali, kiini chake njano iliyoiva. Jirani yetu mpika maandazi akawa hataki tena mayai ya dukani, anasema ya bata ndiyo yanayolitia andazi rangi. Alfajiri alipokuwa anapika, harufu ya iliki na mafuta ya moto ilikuwa inaingia mpaka chumbani kwetu. Na Ijumaa bibi alikuwa anayachemsha mengine, anayapasua katikati na kuyatosa kwenye tui zito la nazi lenye bilinganya, tunakula na wali. Mpaka leo nikisema nina njaa, njaa yenyewe ni ya mchuzi ule.

Wezi nao wakajua. Bata wakaanza kupungua. Bibi akaapa kwamba hataibiwa tena, akamwita jirani wa upande wa pili, mchongaji vinyago, Mmakonde wa Newala mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wakajenga banda la tofali za saruji. Bati juu, na juu ya bati mawe na matairi. Mlango ukawekwa chini kabisa, mdogo kupita kiasi, kusudi mtu mzima asiweze kupenyeza mabega. Mchongaji akautengeneza kwa mabaki ya mkongo, mti mgumu unaokataa hata msumari, akautia komeo kwa nje. Alipomaliza akaupiga teke, mlango usitikisike. "Mwizi wa kuuvunja huu hajazaliwa," alisema. Bibi akafurahi, akampa mayai.

Sasa, bata wa mayai ana masharti yake. Hutaga alfajiri, na wengine wavivu huchelewa hadi saa mbili, saa tatu. Ukimfungulia kabla hajataga, yai lako limeingia mtoni. Kwa hiyo hafunguliwi mpaka saa tatu. Lakini mayai yaliyokwisha kutagwa nayo yakiachwa humo ndani yanakanyagwa, yanachafuka, na kenge akipata upenyo anayanywa. Lazima mtu aingie mapema ayaokote, huku bata wamo ndani. Na kwenye mlango ule anayeenea ni nani? Mke mdogo.

Kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa hivi. Navaa gauni bovu, nashika kindoo, napiga magoti. Bibi anafungua komeo, ananisukuma kwa nyuma, "ingia, ingia, watatoka hao!" kisha anaufunga mlango nyuma yangu na kulirudisha komeo. Maana ungeachwa wazi kidogo tu, bata wote wangekuwa wameshafika Kizinga. Nikimaliza nagonga mlango kutokea ndani na kusema, "Hodi!" Naye bibi anajibu kwa nje, "Karibu uani, mgeni wa bata!" na kunitoa. Aliuona ni mchezo mzuri. Alikuwa akiwahadithia majirani, nao wanacheka.

Mie sikucheka. Mwenzangu, niliogopa. Mle ndani kulikuwa giza, mwanga ni wa chini ya mlango tu na wa tundu la kutolea maji kwenye kona. Uvundo wa samadi ya bata unachoma macho. Bata wananikimbia kwa pamoja kutoka ukuta huu hadi ule, mabawa yananipiga usoni, miguu yao ya baridi inanipanda mgongoni nilipoinama. Nilikuwa napapasa kwenye maranda na kila nilipogusa kitu chenye baridi nilisema huyu ni nyoka. Siku moja alikuwa nyoka kweli, au mkia wa kenge, sijui, kilitoka kwa kuserereka kwenye lile tundu na mimi nikajikojolea. Lakini kilichonitisha kuliko vyote si giza wala nyoka. Ni sauti ya komeo. Likishaingia mahali pake, nilijua kwamba kutoka kwangu kuko mkononi mwa mtu mwingine.

Nilimwambia bibi naogopa. Akasema mtoto wa kike hodari haogopi kuku. Nikamwambia hawa si kuku, halafu nikamtolea methali niliyoisikia kwa mwalimu wetu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Bibi akapiga makofi. "Mke mwenzangu kasoma!" Kesho yake akanisukuma ndani kama kawaida.

Ulikuwa mwezi wa masika. Siku mbili zilizotangulia mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, na asubuhi ile kwetu hata manyunyu hakuna, mawingu tu na joto la kunata. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Watu wa bondeni tulikuwa tunatazama mvua ya kwetu, wakati maji ya Kizinga hayatoki kwetu. Yanatoka vilima vya Pugu. Huko ilikuwa imenyesha usiku kucha, nasi hatukuwa na habari.

Niliingia. Komeo likafungwa. Nikaanza kuokota, na nikaona ajabu moja: bata hawanikimbii. Wamekusanyika wote kwenye kona yenye tundu, shingo zimenyooka, wanaongea kwa sauti ya chini. Kisha nikasikia jirani mpika maandazi anapiga ukelele. "Maji! Jamani maji! Wanangu!" Nikasikia kandambili za bibi zinakimbia kuelekea kule. Nikasikia vyombo vinaanguka. Nikaendelea kuokota, maana niliambiwa niokote.

Maji yaliingia kwa tundu lile, taratibu, mekundu. Bata wakafurahi. Wakaanza kucheka ile ka-ka-ka yao, wanachovya midomo, wanajirushia mgongoni. Mie nikagonga mlango. "Hodi!" Kimya. "Hodi, bibi!" Nikadhani anatania. Alikuwa na tabia hiyo, kukaa kimya kidogo ili nibembeleze. Maji yakafika magotini. Nikagonga tena, nikasema hodi tena, kwa adabu, kwa sababu niliogopa kwamba nikipiga mayowe atanigombeza kwa kuwashtua bata wasitage.

Sijui nikuelezeje. Maji yakafika kiunoni na banda lote likageuka, vitu vya chini vikaja juu. Maranda yanaelea, samadi inaelea, kindoo changu kinazungukazunguka, na mayai mapya yamezama yanaviringika kwenye vidole vya miguu yangu. Nilitafuta pa kupanda. Kuku huwekewa chaga, lakini bata analala chini, kwa hiyo bandani mwetu hamkuwa na kitu chochote cha kupandia isipokuwa tofali moja la pembeni. Nikasimama juu yake. Mlango ulikuwa umeshafunikwa na maji wote, nikawa siuoni. Giza likawa giza kweli. Bata walikuwa wameinuliwa usawa wa uso wangu, wamenizunguka, nasikia pumzi zao, na sasa walikuwa wamenyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba nakufa. Nilikuwa mtoto, sikujua maneno mengi, lakini hilo nililijua wazi. Nikaacha adabu. Nikalia hodi, hodi, hodi, mpaka sauti ikakauka.

Huko nje bibi alikuwa mtu shujaa, nataka ulijue hilo. Aliingia kwenye nyumba ya mpika maandazi maji yakiwa mapajani, akawabeba pacha wa yule mama, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akapanda nao hadi barabarani. Mama yao akambeba mkwewe mgonjwa. Pale barabarani watu wamejaa, wanahesabiana, wanaitana. Mchongaji ndiye aliyemwuliza. "Bibi, mjukuu wako yuko wapi?" Bibi akajibu, "Yuko shule." Walionisimulia wanasema alijibu hivyo bila kusita, huku anampangusa pacha matope. Kila siku saa ile mimi huwa njiani kwenda shule, na kichwa chake katika zahama ile kikaniona nimeshakwenda. Kisha mikono yake ikasimama. Akamtupia mtu wa karibu yule pacha na kukimbia kurudi bondeni, anapiga kelele moja tu isiyo na maneno.

Mie nilimsikia. Nilisikia kishindo mlangoni, chini ya maji, na sauti ya bibi kwa nje ikisema, "Nipo, nipo, mke mwenzangu, nipo!" Komeo alilitoa, lakini mlango ulikuwa unafungukia nje na matope yalikuwa yameugandamiza. Akavuta. Mchongaji akafika naye akavuta, akaupiga mateke, akaupiga kwa tezo lake la kuchongea, nao ukamkatalia fundi wake mwenyewe. Maji yalikuwa yamenifika kidevuni. Nilikuwa nimeinua uso kama kifaranga anayekunywa. Baadaye nikasikia matairi yanatupwa, mawe yanaporomoka, na bati juu ya kichwa changu likapasuka, mwanga ukaingia. Mkono ule mkubwa ukanishika gauni kifuani na kunivuta. Makali ya bati yakanichana bega. Alama ipo, ukija kwangu nitakuonyesha.

Bata walitoka kwa tundu lilelile la bati nililotokea mimi. Walielea mmoja mmoja, wakajitikisa, wakashika mkondo wa Kizinga na kwenda zao wakicheka. Hakuna aliyewatazama.

Kule barabarani bibi alinizaba kibao. Kisha akanikumbatia hadi nikakosa pumzi, kisha akanizaba tena. "Kwa nini hukupiga kelele? Mdomo unao wa nini? Kwa nini hukupiga kelele?"

Nikamwambia, "Nilipiga hodi, bibi."

Ungemwona. Akakaa chini pale pale kwenye matope, kanga imemvuka, watu wakamfunika. Mpika maandazi akaanza kumshukuru kwa ajili ya pacha, naye bibi akamsukuma mkono. Hakutaka kusikia habari za watoto aliowaokoa.

Maji yalipopungua tulirudi, tukazoa matope, tukaanika magodoro kama watu wote. Bati la banda likapelekwa kuziba jiko. Ule mlango bibi aliuchoma moto, na kwa ugumu wa mti ule ulichukua muda kuungua, yeye kakalia kigoda anauangalia mpaka ukawa majivu. Mjomba alipotaka kumletea bata wengine alimfukuza. Lakini kitu kilichokwenda na maji yale si bata, ni utani. Bibi hakuniita tena mke mwenza. Nilijaribu mie kumchokoza, "Mke mkubwa, mume wetu hajanywa chai," naye alinitazama kwa macho ya mtu anayedaiwa, akainuka kwenda kupika. Alianza kunisikiliza kila ninachosema. Nikisema naogopa giza, taa inawashwa. Nikisema sitaki, basi hakuna tena kulazimishwa. Watoto wenzangu walinionea wivu. Mie usiku nilikuwa namlilia bibi yangu wa mwanzo, na yeye amelala hapo hapo ubavuni mwangu.

Leo ukienda bondeni kule huwezi kupatambua. Nyumba zilipigwa alama, zikabomolewa, watu wakatawanyika, wengine Chanika, wengine Kongowe, na sie tukahamia kwa mama. Mahali palipokuwa na banda panaota matete. Mpika maandazi sijui yuko wapi. Mchongaji alirudi kwao Newala na mikono yake, na mimi sikuwahi hata kumshukuru kama mtu mzima anavyoshukuru. Harufu ya iliki alfajiri siku hizi nainunua dukani, kwenye pakiti.

Bibi aliishi mpaka akawa mzee sana, na mwishoni akapoteza kumbukumbu. Nilimchukua akae kwangu. Alimsahau mjomba, akamsahau mama, mie akawa ananiita sista, akidhani ni nesi. Picha ya babu aliisalimia shikamoo. Ungesema kila kitu kimefutika. Lakini mvua ikigusa bati tu, hata manyunyu, alikuwa anakamata mkono wangu kwa nguvu ambazo usingezitegemea kwa mkono ule mkavu.

"Sista, mtoto katoka?"

"Katoka, bibi."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Kaenda shule."

"Nani kamtoa?"

"Wewe, bibi. Umemtoa wewe."

Ananitazama kama anayepima uongo wangu, kisha anashusha pumzi na kuachia mkono, analala. Baada ya muda mvua inaongeza kasi, naye anaamka na kuuliza tena, nami najibu tena. Masika yake ya mwisho tulikwenda hivyo, asubuhi nzima, sikuchoka hata mara moja.

Sasa hayupo. Mvua zinanyesha Tegeta, barabara zinajaa, watu wanalalamikia foleni, na mimi nakaa sebuleni kwangu, mtu mzima mwenye nyumba na mtoto, hofu imenijaa kifuani, na hakuna tena duniani anayeuliza kama nimetoka.